Kweli Waathene waliwapata viongozi wao kwa bahati nasibu?

Swali nililoletewa: "Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza chuo, nasoma historia. Mhadhiri wetu alisema Athens ya kale, kwenye hiyo demokrasia tunayosifiwa kila siku, viongozi wengi hawakuchaguliwa, walipatikana kwa bahati nasibu tu. Ni kweli? Na kama ni kweli mji haukuharibika vipi, si angeweza kuangukiwa mtu asiyejua kitu akapewa hela za umma?"

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli kabisa, na nimefurahi umeuliza maana hii ndo sehemu ya historia ya Wagiriki ninayoipenda kuliko zote na ndo inayopitiwa haraka haraka kuliko zote, watu wanaambiwa demokrasia ilianzia Athens halafu wanaachwa wajazie wenyewe, wanafikiria kulikuwa na vyama na wagombea na kampeni na masanduku kama ya kwetu. Haikuwa hivyo.

Anzia kwenye neno letu wenyewe. Sisi siku hizi tukisema kupiga kura tunamaanisha kumchagua mtu unayemtaka, lakini kura kwa asili yake, toka huko kwenye Kiarabu ilikotoka, ni ile ya kuchomoa, ya kubahatisha. Fungua Biblia ya Kiswahili uone, askari wanalipigia kura vazi la Yesu, na mitume wakitafuta wa kuziba nafasi ya Yuda wanapiga kura inamwangukia Mathiya, pale hakuna aliyehesabu mikono. Na kina mama wakianza mchezo, vikaratasi vinakunjwa vinatiwa kwenye bakuli, kila mmoja anachomoa namba yake ya kupokea, na wa mwisho hanuni kwa sababu anajua hakuna aliyependelewa. Waathene walipiga kura kwa maana hiyo. Ukishika hiyo picha ya bakuli nusu ya jibu unayo tayari.

Sasa ni viongozi gani. Kulikuwa na Baraza la watu 500, hili ndo liliandaa ajenda za mkutano mkuu wa wananchi, lilifuatilia mapato, lilipokea mabalozi, liliangalia hali ya meli za vita, na wote 500 walipatikana kwa kura ya bahati kila mwaka, wenye miaka 30 na kuendelea, na mtu hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili maisha yake yote. Wale wakuu 9 walioitwa arkoni, vyeo ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri na koo kubwa, toka 487 KK nao wakaingia kwenye kura. Wasimamizi wa soko, wakaguzi wa mizani na vipimo, waangalizi wa bei ya nafaka, watu wa barabara, watu wa gereza, watunza hazina, wote hao kura. Na mahakamani hakukuwa na jaji mmoja aliyesomea sheria, waliamua wananchi wa kawaida 201 au 401 au 501 waliotolewa kwa kura asubuhi hiyo hiyo ya kesi kutoka kwenye orodha ya watu 6,000 wa mwaka ule.

Kwa nini walifanya hivi? Wengine wanasema ni dini, eti waliamini miungu ndo inachagua. Mimi sikubaliani sana na hilo kwa kipindi hiki, ukisoma Waathene wenyewe wanavyojieleza wanazungumzia zaidi usawa na kuogopa watu wakubwa. Kumbuka walikotoka. Karne ya 6 KK mji ulishikwa na Peisistratos na baadaye mwanawe Hippias, watawala wa mabavu, na Hippias alipotimuliwa 510 KK koo kubwa zikaanza kuvutana upya, huku Isagoras, huku Cleisthenes, kila mmoja na watu wake. Cleisthenes aliposhinda, 508 na 507 KK, akafanya jambo la akili sana, akavunja mipaka ya ushawishi wa zile koo. Alitengeneza makabila mapya 10, na neno kabila hapa lisikupoteze, si kabila la lugha na mila kama tunavyolijua, ni mgao wa kisiasa tu, kila kabila likaundwa na vipande vitatu, kimoja cha mjini, kimoja cha pwani, kimoja cha bara. Kwa hiyo mvuvi, mkulima wa zeituni na fundi wa viatu wa mjini wanajikuta kabila moja, wanapigana vita pamoja, wanaketi barazani pamoja, na bwana mkubwa wa eneo fulani hawezi tena kuburuza eneo lake lote kama mkia.

Lakini kuchanganya watu peke yake hakutoshi kama mwisho wa siku mnachaguana. Kwenye kuchaguana anashinda nani? Anayejulikana, mwenye jina la ukoo, mwenye hela ya kulisha watu, mwenye sauti nzuri. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 KK, aliliona hilo akaliandika wazi kwenye kitabu chake cha siasa, kwamba kupata viongozi kwa kura ya bahati ni tabia ya demokrasia, na kuwachagua ni tabia ya utawala wa wachache. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Yaani kile sisi tunachokiita demokrasia, kwa macho yake kilikuwa karibu na utawala wa wakubwa.

Na kuchaguana kunavyoweza kuchezewa tuna ushahidi wa kushika mkononi. Waathene walikuwa na utaratibu wa kumfukuza mtu mji miaka 10 kwa kuandika jina lake kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, vikifika vigae 6,000 basi mwenye jina lililoandikwa zaidi anaondoka, mali zake hazichukuliwi, anatoka tu. Sasa wachimbaji walikuta kwenye kisima upande wa kaskazini wa mlima wa Acropolis vigae kama 190 vyenye jina moja, Themistocles, yule yule shujaa wa vita ya baharini ya Salamis dhidi ya Waajemi, na walipochunguza mwandiko wakaona umetoka kwenye mikono 14 tu. Yaani kuna watu walikaa wakaandika vigae kibao tayari kwa kugawia wapigaji. Hiyo ni karne ya 5 KK na mbinu ni ile ile. Bakuli halina namna ya kugawiwa vigae vilivyoandikwa tayari.

Ila bakuli nalo linaweza kuchezewa kama kuna mkono unaochomoa, na Waathene walilijua hilo ndo maana wakatengeneza mtambo. Unaitwa kleroterioni, ni jiwe refu limesimama kama mlango, usoni lina safu za matundu membamba yaliyopangwa mistari kwa mistari. Kila mtu aliyejiandikisha kuamua kesi alikuwa na kibao chake chembamba cha shaba, baadaye cha mbao, kimeandikwa jina lake, la baba yake na kijiji chake. Asubuhi unaweka kibao chako kwenye boksi la kundi lako, boksi linatikiswa, kinatolewa kibao kimoja na mwenye hicho ndo anapewa kazi ya kupachika vibao vingine kwenye matundu, hivyo hata mpachikaji mwenyewe katokana na bahati. Pembeni mwa jiwe kuna bomba, juu vinamiminwa vitu kama dado vyeupe na vyeusi vimechanganyika, vinatoka kimoja kimoja chini. Kikitoka cheupe, mstari mzima wa kwanza wa vibao umeingia kazini. Cheusi, mstari mzima chukueni vibao vyenu rudini nyumbani. Halafu hamjamaliza, ukishapita unachomoa tena kwenye chombo kujua unaenda mahakama ipi, unapewa fimbo yenye rangi inayofanana na rangi ya mlango wa mahakama hiyo ili usije ukajipenyeza kwingine.

Fikiria mwenye kesi anataka kuhonga. Atamhonga nani? Jua linapochomoza hakuna mtu hata mmoja mji mzima anayejua nani ataketi kwenye kesi yake. Na akipata bahati ya kuwanong'oneza watatu wanne njiani, bado wapo 497, na wakati wa kuamua kila mmoja anashika vidude viwili vya shaba, kimoja kina kijiti cha katikati chenye tundu na kingine kijiti chake kimeziba, unabana ncha kwa vidole, unadumbukiza kimoja hakuna anayeona umedumbukiza kipi. Hata muda wa kuzungumza ulipimwa na maji yanayotiririka kutoka kwenye chungu, kimeokotwa chungu kimoja pale Agora, uwanja wa soko na mikutano wa mji, kinachoisha maji kwa kama dakika 6.

Turudi kwenye wasiwasi wako wa mtu asiyejua kitu. Hili swali lako si geni, Socrates, mwanafalsafa wa Athens, analetwa kwenye maandishi ya mwanafunzi wake Xenophon akisema hilo hilo, kwamba hakuna mtu angemtafuta nahodha wa chombo au fundi ujenzi kwa kura ya maharage, yaani ya kubahatisha kwa kuchomoa maharage, mbona mji tunaufanyia hivyo. Ni hoja nzito na sitaki kuipuuza, ila jibu la Waathene lilikuwa kwenye vitendo, maana kuangukiwa na kura hakukuwa kupewa ofisi hapo hapo.

Kwanza unahojiwa hadharani. Maswali yenyewe tunayo, Aristotle au mwanafunzi wake aliyaandika, na mimi kila nikiyasoma nasikia kama wazee wa ukoo wanaposa. Baba yako nani na wa kijiji gani, babu yako mzaa baba nani, mama yako nani, babu yako mzaa mama nani wa wapi. Makaburi ya kwenu yapo wapi. Wazazi wako unawatendea vizuri? Kodi unalipa? Vitani umekwenda? Halafu unaambiwa lete mashahidi, na ukishaleta watu wote wanaulizwa, kuna mwenye neno juu ya mtu huyu? Ona kwamba hakuna swali la ujuzi wa kazi hata moja, wanachotaka kujua ni kama wewe ni mtu wa watu, una mizizi, una adabu nyumbani.

Ukipita, hufanyi kazi peke yako. Kazi nyingi zilishikwa na kundi la watu 10, mmoja kila kabila, kwa hiyo hata kura ikimwangukia mzembe wapo 9 wanaomwona. Halafu karibu mara 10 kwa mwaka mkutano wa wananchi unaulizwa viongozi hawa wanafanya vizuri au waondolewe. Na ukimaliza mwaka wako ndo unaanza moto wenyewe, ukaguzi, ndani ya siku 30 unaleta hesabu mbele ya wakaguzi ambao nao wametoka kwenye kura, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kukushtaki, ukithibitika kuiba au kula rushwa unalipa mara 10 ya ulichochukua. Kabla hujakaguliwa huruhusiwi kusafiri nje ya mji wala kuuza mali zako. Hela za hazina ya mungu wao Athena, sheria ilisema watunzaji wake wapigiwe kura kutoka tabaka la matajiri tu, si kwa sababu tajiri ni mwaminifu, ni kwa sababu akiiba ana cha kukamatwa. Mimi nikisoma hapo naona watu ambao hawakuwekea matumaini yao tabia njema ya kiongozi hata kidogo, waliweka uzio mbele, pembeni na nyuma.

Kuna cheo kimoja nataka ukikumbuke. Lile Baraza la 500 liligawa mwaka mafungu 10, kila kabila zamu yake, na kila siku jua likizama wale 50 wa zamu wanapiga kura ya kumpata mwenyekiti wa siku hiyo. Anakaa usiku mmoja na mchana wake, anashika funguo za mahekalu yenye hela na kumbukumbu za mji, pamoja na mhuri wa mji. Kesho yake anakabidhi, na hatopata tena maisha yake yote. Piga hesabu mwenyewe, miaka 10 tu ni watu zaidi ya 3,500 waliowahi kulala na funguo za Athens, wakulima, wauza samaki, mafundi ngozi.

Na Socrates yule yule mwenye hoja ya nahodha, mwaka 406 KK kura ilimweka Barazani, na zamu ya kabila lake ikaangukia wiki mbaya kuliko zote. Majemadari walikuwa wameshinda vita ya baharini pale Arginusae lakini hawakuwaokoa mabaharia waliokuwa wanazama kwenye dhoruba, watu wakapandwa na hasira wakataka wahukumiwe wote kwa mpigo, kinyume cha sheria. Wenzake wa zamu wakaogopa, yeye akakataa kabisa. Hakuweza kuuzuia mkutano, majemadari 6 wakauawa akiwemo mtoto wa Pericles, yule kiongozi maarufu wa Athens, na baadaye Waathene wenyewe wakajuta. Ila ona, pale kura ndo iliyomweka mtu wa kukataa, na walioshindwa ni umati.

Nikuongezee na hili maana watu wanalisahau, hawakupiga kura ya bahati kwa kila kitu. Majemadari 10 walichaguliwa kwa kunyoosha mikono na waliruhusiwa kurudi miaka yote, Pericles alichaguliwa miaka 15 mfululizo. Walijua vita haisubiri mtu ajifunze. Karne ya 4 KK wakachagua pia watu wa fedha za jeshi, na, hili ndo linanigusa, msimamizi wa chemchemi na visima vya maji. Maji hawakuyaachia bahati. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mji wenye mgao wa maji ataelewa kwa nini. Na mimi kwa maoni yangu, ukitazama misiba mikubwa ya Athens, kama ile safari ya kuivamia Sicily 415 KK iliyowamaliza, haikutoka kwa watu wa kura ya bahati, ilitoka kwenye mkutano wenye wasemaji hodari na majemadari waliochaguliwa.

Usije tu ukaandika kwenye insha yako kwamba "Wagiriki" walifanya hivi. Ugiriki haikuwa nchi moja, ilikuwa mamia ya miji kila mmoja na serikali yake. Sparta walikuwa na wafalme wawili kwa pamoja na wazee 28 wa miaka 60 kwenda juu waliopatikana kwa kupima nani kashangiliwa kwa kelele kubwa zaidi.

Na sasa upande mwingine ambao siwezi kukuacha bila kukuambia. Wote niliowataja ni wanaume, raia. Toka sheria ya Pericles ya 451 KK raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni wa Athens, mama anahesabika kuzaa raia lakini yeye mwenyewe hachomoi kibao, haongei mkutanoni. Wageni waliokaa mjini vizazi na vizazi, wafanyabiashara, mafundi, walilipa kodi ya ugeni drakma 12 kwa mwaka na vitani walikwenda, ila kwenye bakuli hawamo. Na watumwa, kwa maelfu mengi, kwenye migodi ya fedha ya Laurion wakitambaa kwenye mashimo ili mji ujenge meli.

Kuna unganisho hapa ambalo vitabu vingi vya utangulizi haviligusi. Kama viongozi wanabadilika kila mwaka, nani anajua faili lipo wapi? Nani anajua kutofautisha sarafu halali na ya bandia? Watumwa wa umma. Mji wenyewe ulimiliki watu, ndo waliotunza nyaraka, ndo waliosaidia mahakamani, ndo waliolinda usalama mkutanoni, na tuna sheria ya 375 KK imechongwa kwenye jiwe inayomweka mtumwa wa umma sokoni kupima sarafu za fedha, na inasema asipokaa kazini au asipopima inavyotakiwa apigwe viboko 50. Ujuzi wa kudumu wa serikali ulikuwa kwenye vichwa vya watu ambao hawana haki, wasioweza kuutumia ujuzi huo kujipatia ukubwa. Kwa hiyo unaponiuliza mji haukuharibika vipi mikononi mwa wasiojua, sehemu ya jibu ni ule uzio niliokueleza, na sehemu nyingine ni kwamba waliojua walikuwepo, wamenunuliwa. Andika vyote viwili, usiache kimoja.

Sistimu hii ilidumu karibu miaka 200, ikapinduliwa mara mbili, 411 na 404 KK, mara zote na matajiri waliochukia hasa hili la kura na posho walizolipwa maskini kwa kufanya kazi za umma, na mara zote watu wakairudisha, mpaka 322 KK Wamasedonia walipoingia na jeshi wakawanyang'anya maskini haki ya uraia.

Ukija kupata nafasi ya kufika Athens nenda makumbusho ya Agora, lile jiwe la matundu lipo pale, utaweza kusimama mbele yake. Na uulize vibao vya shaba. Vingine utaona jina limepondwa kwa nyundo na juu yake limechongwa jina jingine, kibao kimeshatumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Na vingi vya vile vilivyosalia vimetoka makaburini. Mtu amekufa, ndugu zake wakamzika nacho.